Dele la Bi Samia

Maftaha alikuwa fundi mwashi, na kuta alizozijenga pale Kilwa Kivinje hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwake mwenyewe. Kila alipomaliza ukuta wa mtu, badala ya kutafuta kazi nyingine, alichukua mtaimbo na kikapu, akaomba nafasi katika mashua ya wavuvi, akaenda Kisiwani kuchimba. Huko, katikati ya magofu ya misikiti na majumba ya masultani, alishinda amepiga magoti akichokonoa ardhi kama kuku. Aliamini kwamba watu waliojenga majumba makubwa vile hawakuondoka na dhahabu yao yote. Lazima nyingine ilibaki chini.

Dhahabu hakuipata. Alipata vigae vya sahani za kale, vya kijani na vya buluu, alipata shanga, alipata sarafu za shaba nyembamba kama magamba ya samaki, zilizoliwa na kutu hata jina la sultani halisomeki. Vyote alivibeba nyumbani, akaviosha, akavipanga juu ya mkeka na kuvitazama kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto.

"Baba Siti," mkewe Kazija alimwambia siku moja, "umeniletea tena sahani zilizovunjika? Mbona zangu mimi zikivunjika huziokoti?"

"Hizi zimetoka Uchina, mke wangu."

"Zimetoka mbali ili zije zivunjikie kwetu," alisema Kazija, akaenda zake jikoni.

Mwenzake wa safari hizo alikuwa Nassibu, muuza kahawa. Nassibu yeye hakuwa na haja na vigae. Alishika imani kwamba kila hazina ina jini anayeilinda, na kwamba jini huyo sharti aombwe kwa adabu. Basi kila safari alibeba ubani na kuku mweusi. Ubani ulifukizwa, dua ikasomwa, jini akangojwa. Jini asipotokea, njaa ilitokea, na kuku akaliwa. Mjini Kivinje watu waliwacheka wote wawili, lakini Maftaha walimcheka zaidi, wakampa jina la Panya-buku.

Aliyempa jina hilo ni Bi Samia. Huyu alikuwa mjane mwenye minazi mingi, nyumba ya mawe na ulimi mkali, na alikuwa amemwita Maftaha atengeneze ukingo wa kisima chake. Alipotoka uani kutazama kazi inavyokwenda, alimkuta fundi amelala kifudifudi kando ya kisima, mkono wote umezama katika shimo.

"Nimekuita unijengee au unibomolee?"

"Shikamoo, Bi Samia. Nimeona kipande cha kauri, nikasema nifuate mzizi wake."

"Kauri ina mzizi? Toka uani kwangu, panya-buku wee!"

Maftaha alitoka, lakini kipande cha kauri alitoka nacho.

Kisha vita vikaja. Huko milimani Umatumbi watu walikataa kulima pamba ya Wadachi, wakanywa maji ya dawa waliyoambiwa yatageuza risasi kuwa maji, wakaanza kupigana. Habari ziliteremka pwani kwa kasi. Leo zilisema Samanga kumechomwa moto. Kesho zilisema wapiganaji wameshafika mashambani nje ya mji. Watu wa Kivinje hawakujua wamwogope nani zaidi, wapiganaji wa bara au askari wa boma, basi wakaogopa wote. Na kila mwenye kitu cha thamani akatafuta mahali pa kukificha, na mahali pa kuficha palikuwa pamoja tu, chini ya ardhi. Mji mzima ukachimba. Waliokuwa wakimcheka Maftaha walionekana nyuma ya nyumba zao, wamejifunga kanga viunoni, wanatupa udongo huku na kule wakitazama kama jirani anachungulia.

Bi Samia naye alizika. Alikuwa na mikufu, bangili na vipuli vya dhahabu alivyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na wake. Hakumwamini mtu yeyote. Alikuwa na mtumishi, Hasani, Mmatumbi mpole aliyekuwa akimtunzia shamba na ua kwa miaka mingi, lakini siku ile hata Hasani alitumwa mnazini ili asione. Bi Samia alitia dhahabu yote ndani ya dele kuukuu la kahawa, akaziba mdomo wake kwa kitambaa, akalizika uani karibu na mpapai. Mchana huohuo alipanda mashua ya kwenda Lindi kwa kaka yake. Alipofika Lindi alimkuta kaka yake uani, ana jembe mkononi na jasho linamtiririka, naye anazika.

Aliporudi Kivinje miezi ilikuwa imepita. Vita vilikuwa bado vinaunguruma bara, na watu waliotoka huko walikuwa wamekonda kwa njaa, wengine hawakutaka kusimulia walichokiona. Mji wenyewe ulikuwa salama, ila haukutambulikana. Nyua za makuti zilikuwa zimebomolewa na miti midogo imekatwa, ili adui akija asipate pa kujificha. Ua wa Bi Samia ulikuwa umeungana na ua wa jirani na wa jirani wa pili, pakawa uwanja mtupu uliokanyagwa na mbuzi. Mpapai haukuwapo. Hata kisiki hakikuonekana. Na Hasani pia hakuwapo. Majirani walisema aliondoka siku moja asubuhi, hakuaga.

Basi mji ukaanza kuchimba tena, safari hii kwa kutafuta. Mmoja aliweka alama ya mgomba, mgomba umeliwa. Mwingine aliweka jiwe, na mawe yamezagaa kila mahali. Mke na mume waligombana mbele ya watu, huyu anasema ni kulia, huyu anasema ni kushoto. Hapo ndipo mtu mmoja alipomkumbuka Maftaha.

Sasa Maftaha akawa hana nafasi ya kupumua. Alikwenda nyumba hata nyumba na mtaimbo wake. Alipiga ardhi polepole huku ameinamisha sikio, kwa maana ardhi iliyowahi kuchimbwa hulia kwa namna nyingine, kwa sauti iliyolegea. Alitoa vikuku vya fedha, alitoa jambia la babu wa mtu, alitoa chungu cha asali ambacho mwenyewe alikuwa amekizika kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuzika na hakutaka kuonekana maskini. Ujira alikataa. Aliomba tu kwamba kikitokea kigae au shanga isiyo ya mwenye nyumba, iwe yake.

"Mume wangu amekuwa mtu mkubwa," Kazija aliwaambia wanawake kisimani. "Lakini mimi changu nilikitoa mwenyewe kabla hajarudi kutoka msikitini. Ningemngoja angenigeuzia nyumba nzima."

Bi Samia peke yake hakumwita. Angemwitaje, naye ndiye aliyemfukuza? Aliamua kutafuta mwenyewe. Watu waliopita walimwona yule bibi mwenye nyumba ya mawe ameinama juani, anachimba kwa mchi wa kutwangia. Wakimsalimu aliwaambia anatafuta mizizi ya dawa ya tumbo. Baada ya siku chache majirani walianza kuuliza ni tumbo gani hilo linalotaka mizizi yote ya Kilwa.

Mwishowe alimtuma mtu. Maftaha alifika pamoja na Nassibu, na Nassibu alikuja na kuku.

"Shikamoo, Bi Samia."

"Marahaba, fundi." Alitazama kando. Neno fundi lilimtoka kwa shida, kama mfupa wa samaki. "Kuna kitu changu kidogo hapa uani."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dele."

Nassibu, ambaye riziki yake ilitokana na dele, alishituka. "Bibi, umezika dele zima? La shaba?"

"Lina vitu ndani," alisema Bi Samia kwa hasira. "Na huyo kuku ni wa nini?"

"Wa jini."

"Jini wa kwangu hali kuku. Mfunge pale."

Maftaha aliuliza lilizikwa wapi. Bi Samia alijibu bila kusita kwamba ni upande wa kisima, karibu na mpapai, na kwamba lilikwenda chini sana. "Nilichimba mpaka jasho likanitoka. Nilichimba mpaka nikachoka kabisa. Udongo wenu mwageni pale karibu na jiko, pale hapana kitu, napajua."

Walichimba upande wa kisima. Ua ule ulikuwa umekanyagwa na kuchokonolewa kwa mchi kila mahali, hata mtaimbo ukawa haumwambii Maftaha kitu. Basi wakachimba kwa nguvu. Lundo la udongo karibu na jiko likapanda, na Nassibu kila alipochoka aliketi juu yake akajimiminia kahawa. Dele halikutokea. Vilitokea vitu vingine. Kwanza ilitoka shanga nyekundu, kisha mfupa wa chewa, kisha kigae cha kijani chenye mchoro wa samaki wawili wanaofukuzana. Maftaha alikifuta kwa kanzu yake, akakiinua juani.

Bi Samia alikuwa ameketi barazani juu ya mto. Aliinuka. "Ni nini hicho?"

"Si dele, bibi."

"Naona si dele. Nauliza ni nini."

"Ni sahani ya kale. Mtu alikula humo kabla Kivinje haijawa mji."

"Na kipande kilichobaki?"

"Huenda kiko hapo chini."

Bi Samia alikitazama kile kigae kwa muda. Kisha alitelemka barazani, akavua viatu vyake vya mti, akakunja kanga, akaingia shimoni. Maftaha na Nassibu walitazamana, wakampisha.

Yeye ndiye aliyekigusa kibuyu. Alikuwa akifukua kwa vidole, akitafuta mkia wa samaki wa pili, alipokivuta kitu laini cha mviringo, kidogo kama ngumi ya mtoto, kimezibwa kwa nta. Alikitikisa. Ndani yalicheza maji, na punje zikagonga ukuta wa kibuyu.

"Mtama," alisema Nassibu, na rangi yake ikabadilika. "Bibi, kirudishe. Kirudishe haraka."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu pwani alikwisha kusikia jinsi yale maji ya dawa ya vita yalivyotengenezwa kwa punje za mtama, na kila mtu alijua kwamba aliyekamatwa nayo hakuulizwa maswali mengi. Kamba ilikuwapo, na mti ulikuwapo.

"Hasani," alisema Bi Samia polepole. "Alichimba hapa kabla sijaondoka, akanidanganya ni shimo la takataka."

"Aliyazika," alisema Maftaha. "Hakuyanywa. Labda aliogopa."

"Au aliyaweka ili ayarudie." Bi Samia alikishika kibuyu kwa mikono miwili. "Miaka yote hiyo alinipikia uji nikiumwa. Siku ile nilimtuma mnazini ili asinione. Naye kumbe alikuwa anangoja nitoke ili nisimwone."

Hapo ndipo askari alipotokea. Kwa kuwa hapakuwa na ua, alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, bunduki begani, vumbi hadi magotini. Alikuwa kijana wa bara aliyeitwa Bakary, na walimjua kwa sura kwa kuwa alikuwa akinywa kahawa kwa Nassibu. Alisimama ukingoni mwa shimo, akawatazama watu watatu waliomtazama yeye kama sanamu.

"Mnachimba nini?"

"Dhahabu yangu," alijibu Bi Samia. "Wewe unafikiri nachimba nini, muhogo?"

Askari alicheka. Alikwisha kuona mashimo mengi mjini. Akajifuta jasho, na macho yake yakaangukia kibuyu.

"Afadhali, mna maji. Nipe ninywe, mama. Koo limenikauka."

Nassibu alishika ukuta wa shimo. Alieleza baadaye kwamba wakati ule alianza kusoma shahada, akasahau katikati. Bi Samia ndiye peke yake aliyebaki na uso wake, uso uleule aliokuwa akiwafukuzia mafundi.

"Haya?" alisema. Akaing'oa nta kwa kucha, akakinusa kibuyu, akakunja pua. "Haya yameoza, mwanangu. Yatakuvuruga tumbo ukashindwa kazi ya watu." Na mbele ya macho ya askari aliyamwaga yote chini, taratibu, huku akiyakanyaga kwa mguu ili punje zizame matopeni. "Nassibu, umesimama kama nguzo kwa nini? Mpe mgeni kahawa. Na ndani kuna mtungi wa maji baridi, mletee."

Nassibu alitoka shimoni kwa magoti. Bakary alikunywa maji, akanywa kahawa, akamwombea Bi Samia apate mali yake, akaenda zake. Walipohakikisha amepotea machoni, Bi Samia alikivunja kile kibuyu kwa mchi na kuvitia vipande katika moto wa jiko. Kisha aliketi juu ya lundo la udongo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa yote ya kicheko.

Ndivyo Kazija alivyowakuta. Alikuja kumtafuta mumewe, maana chakula kilikuwa kimepoa, na alikuwa na nia ya kusema maneno. Alipoona Bi Samia ana matope hadi mapajani, maneno aliyameza.

"Shikamoo, Bi Samia. Poleni na kazi."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo ananisaidia, lakini wapi. Tumefika karibu na maji ya kisima."

Kazija alilitazama shimo, akatazama ua wote. "Samahani, bibi. Ulizika wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Kwa jembe?"

Bi Samia alijikohoza. "Jembe alikuwa nalo Hasani. Ningemwomba angejua. Nilitumia mwiko."

"Mwiko upi?"

"Ule wa chuma, wa pilau za arusi."

Kazija alijitahidi sana asicheke. Mimi nawaambia alijitahidi, kwa kuwa yeye mwenyewe alizoea kusimulia kisa hiki na kila mara alisisitiza jambo hilo. "Basi, Bi Samia, mimi changu nilizika kwa jembe, na nimezoea jembe, na bado hakikufika kiwiko. Kwa mwiko wa pilau, jasho la bibi kama wewe linatoka mapema. Hilo dele liko juujuu. Lingekuwa hapa mlipochimba, mngeligonga kwa jembe la kwanza. Baba Siti, ni wapi ambapo hamjachimba?"

Maftaha aligeuka polepole. Nassibu aligeuka. Bi Samia, aliyekuwa bado ameketi, alitazama alipokalia.

Waliliparamia lundo wote wanne, kwa majembe, kwa kikapu, kwa mikono, wakilirudisha katika shimo walilolichimba tangu asubuhi. Udongo ulipokwisha, chini yake, karibu kabisa na jiko, ulionekana mdomo wa dele umechomoza kama kuku anayechungulia kutoka kwenye kiota. Bi Samia alikuwa amelifunika kwa udongo kidogo tu, nao ulikuwa umeondoka pamoja na lundo. Ubavuni lilikuwa limebonyea, na pale palipobonyea palilingana na mahali Nassibu alipokuwa akikalia kunywa kahawa.

"Nilihisi kitu kinanichoma," alisema Nassibu. "Nikadhani ni jini."

Bi Samia alilifungua pale pale. Mikufu ilikuwapo, na bangili, na vipuli, vyote vikinuka kahawa ya zamani. Alijivisha kimoja kimoja, juu ya matope, akainyoosha mikono yake na kuitazama. Majirani waliokuwa wameanza kukusanyika walipiga vigelegele. Akawashukuru wote kwa heshima. Akaagiza kuku wa Nassibu achinjwe na wali upikwe kwa ajili ya waliopo, na Nassibu akaenda kumfungua. Lakini aliyekuwa karibu na Bi Samia aliona kwamba macho yake hayakutulia. Alipoona Maftaha anakusanya vifaa vyake, alimwendea.

"Fundi. Kile kigae cha samaki kiko wapi?"

"Kimo kikapuni, bibi. Tulipatana ni changu."

"Najua ndivyo unavyopatana na watu." Alishusha sauti. "Lakini mkia wa samaki wa pili hatukuupata. Na sasa tumefukia."

Maftaha alimtazama yule bibi aliyejaa dhahabu masikioni, shingoni na mikononi, anayesikitikia mkia wa samaki wa udongo, akatambua ugonjwa alioufahamu vizuri. Akamwambia kwa upole kwamba huko Kisiwani samaki wa namna ile wapo wengi.

Safari iliyofuata mashua ilijaa. Bi Samia alikuja na mwavuli, mto wa kukalia na mwiko wake wa chuma, ambao alikataa katakata kuubadilisha na jembe. Kazija alikuja kwa sababu, alisema, hawezi kumwacha mumewe na mwanamke mwenye dhahabu nyingi vile katika magofu yasiyo na milango. Maftaha, aliyezoea kuchimba kwa kimya, aliambiwa siku nzima achimbe hapa, sasa pale, sasa arudi hapa. Nassibu alifukiza ubani, akakatazwa kwa kuwa moshi unamwingia Bi Samia machoni.

Alasiri nahodha alipiga kelele kutoka ufukweni kwamba maji yanakupwa na mashua itakwama. Bi Samia hakumsikia, au alijifanya hakusikia. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya ukuta wa msikiti, mkono umezama mpaka begani, shavu limeshikana na udongo.

"Mwambieni angoje," alisema. "Nimeshika kitu."

"Kitu gani?" aliuliza Maftaha, akapiga magoti kando yake.

"Sijui. Nyamaza kwanza, nasikiliza."

Nahodha aliita tena, kisha akachoka, akashusha tanga na kujilaza ndani ya mashua yake juu ya mchanga. Kazija alifungua chungu cha wali, akagawa, na sehemu ya Bi Samia akaiweka karibu na kichwa chake ili akila asilazimike kuutoa mkono shimoni.